Nimezalia Kobe, Japani: arobaini bila shangazi, na kitovu ndani ya kisanduku

#1 MamaMwana

Wakuu, habari za muda huu. Kuna mtu aliuliza kwenye uzi mwingine "hivi ukizalia Japani inakuwaje", nikaanza kumjibu, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe. Basi nimefungua wangu. Naandika mtoto akiwa amelala, nikikatika katikati mjue ameamka. Msinidai muendelezo kama mnadai kodi ya nyumba.

Mimi wa Tanga mjini, mume wangu wa Pangani. Alikuja Kobe kusoma uzamili, akapata kazi ya uhandisi, nikamfuata. Disemba iliyopita tumepata binti, mtoto wa kwanza. Jina lake linaanza na Mwana-, la bibi yake mzaa baba, hapa nitamwita Mwana tu.

Watu wa nyumbani wakipiga simu wanauliza vitu vitatu: lugha, baridi na ubaguzi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani ananikanda. Na mimi lugha nimeivumilia, baridi nimeivalia soksi mbili mbili. Lililonitoa machozi ni hilo la nne.

Nianze na mimba. Ikishathibitishwa unakwenda manispaa, unajaza karatasi, unapewa daftari la mama na mtoto, wenyewe wanaliita boshi techo. Wanalo tangu 1948. Ni kadi ya kliniki kama yetu, ila hili ni kitabu kizima, linamfuata mtoto mpaka anapokaribia kuanza shule. Ndani yake kuna kitu mume wangu alikipenda kuliko vyote: kadi ya rangi saba za kinyesi, kuanzia nyeupe ya chokaa hadi kijani iliyoiva. Unafungua nepi, unalinganisha. Ukiona inaelekea kwenye nyeupe kimbilia hospitali, huenda mirija ya nyongo ya mtoto imeziba. Basi mwenzangu kila nepi alikuwa anaipeleka dirishani kwenye mwanga, anakunja uso kama fundi anayechagua rangi ya ukuta, halafu anatangaza: "Namba tano na nusu."

Daktari wangu alikuwa mkali wa kilo. Niliongeza mbili ndani ya wiki mbili, akaniuliza nakula nini. Wali wa nazi, nikasema. Akaandika. Kliniki iliyofuata mkalimani akanitazama kwa huruma: "Daktari anaomba nazi ipumzike." Mtu wa Tanga uambiwe nazi ipumzike!

Uchungu sitausimulia wote. Sindano ya kutuliza maumivu haipo kila hospitali, na penye nayo unalipia pembeni. Wazazi wenzangu vyumba vya jirani walikuwa kimya kama wanafanya mtihani. Mimi nilimwita mama yangu kwa sauti, nadhani meli za bandarini zilisikia.

Malipo, maana najua mtauliza. Uzazi wa kawaida bima hailipii kama matibabu, kwa sababu si ugonjwa. Badala yake inatoa yeni 500,000 kwa kila mtoto (kabla ya Aprili 2023 ilikuwa 420,000) na hospitali inazichukua moja kwa moja. Bili yetu ilikuja 563,000, tukaongeza 63,000 mfukoni. Siku tano wodini, chakula mara tatu. Niliandika kwenye fomu kuwa sili nguruwe, wakaniondolea nyama, ila supu ikaja na vipande vya nguruwe vimeelea juu. Nikala wali na chumvi, nikanyonyesha.

Siku ya kuondoka mkunga akanipa kisanduku cha mbao, kikubwa kidogo kuliko kiberiti. Nikajua ni zawadi. Kufungua nakuta pamba, na juu ya pamba kitovu cha Mwana, kimesinyaa kama tangawizi kavu. Kilidondoka siku ya nne, wakakihifadhi. Huku kitovu hakizikwi, mama anakitunza maisha yake yote.

Nikapiga simu Tanga kusimulia. Mama alinyamaza, halafu akauliza: "Kwa hiyo kitovu cha mjukuu wangu kiko kabatini?"

Ameamka. Narudi.

#2 Mkwezi Mstaafu

Nimekaa siti ya mbele na kahawa na kashata. Namba tano na nusu imeniua.

#3 Kiboko ya Mto

Hongera sana dada, Mungu amkuze. Kutoka Nairobi. Swali la kichokozi: mtoto akilia saa nane usiku hao majirani hawaiti polisi? Nasikia huko hata kwa treni watu hawaongei.

#4 Mama Wawili

Naunga tela. Mimi nilizalia Guangzhou 2016, enzi nafanya biashara Xiaobei. Wachina wana arobaini yao, wanaiita kukaa mwezi: mzazi siku thelathini hatoki, hagusi maji ya baridi, hapigwi na upepo. Niliposikia nilijiona nimekutana na ukoo wangu. Jirani yangu, mama wa Kikanton, akaniletea sufuria limejaa: siki nyeusi tamu, vipande vya tangawizi vya kushika kwa mkono, mayai, na kwato za nguruwe. Ndicho chakula cha mzazi kwao. Kasimama mlangoni anatabasamu, anangoja nionje. Nikamdanganya kuwa daktari kanikataza. Kesho yake akaja na sufuria jipya, bado lina karatasi ya dukani, mayai na tangawizi tu. Sijui nani alimwambia. Mpaka leo nikisikia harufu ya siki namkumbuka yule mama.

#5 Baharia wa Matrah

Sisi huku Muscat hatuna tabu hiyo. Mke wangu alipojifungua mama mkwe alihamia na magodoro yake. Uwatu asubuhi, uwatu jioni, siku arobaini. Ikafika mahali jasho la mke wangu linanuka uwatu, mtoto ananuka uwatu, na mimi niliyekuwa nafukuzwa chumbani nanuka uwatu.

#6 MamaMwana

Nimerudi. @Mama Wawili umenifanya nicheke huku nimembeba mtoto, kidogo nimwamshe.

@Kiboko ya Mto, kuta za huku ni za kusikilizana kweli. Tulichofanya, tuliambiwa na wenyeji: kabla sijajifungua tulibisha milango mitatu na kitaulo kimefungwa vizuri, mume wangu akainama, akaomba radhi kwa kelele ambazo bado hazijazaliwa. Bibi wa chini yetu, kwa macho yangu amepita themanini, alisema tumwache mtoto alie. Jengo zima halina mtoto mwingine. Mwaka 2024 watoto wa Kijapani waliozaliwa nchi nzima hawakufika 700,000, ndiyo mara ya kwanza tangu waanze kuwahesabu, na mimi ile takwimu naiona kila nikipita bustani ya jirani: bembea mbili, wazee sita.

Sasa zile siku za mwanzo. Mama alikuwa aje kabla ya uzazi, viza ikachelewa, alishuka Mwana ana siku 25. Sheria inamruhusu baba kupumzika hadi wiki nne ndani ya zile nane za mwanzo. Mume wangu alichukua mbili. Kazini hakuna aliyemkatalia, ila kuna ukimya fulani wa ofisini ambao aliuelewa. Baada ya hapo akawa anatoka saa moja asubuhi, anarudi saa mbili usiku.

Wanawake mliozaa mnajua. Nyumbani mzazi hashiki ufagio. Kuna shangazi wa kumkanda kwa maji ya moto, kuna mama mdogo wa uji, kuna jirani anakuja kumshika mtoto na kusengenya wengine ili mzazi acheke. Unachoka nao, unatamani waondoke. Mimi nilikuwa na saa ya ukutani. Niliingia duka la karibu kutafuta unga wa uji, mtoto kifuani, nikapata unga wa mchele. Nikatia pilipili manga na tui la kopo. Nazi ikarudi kazini bila kumwambia daktari.

Akika ilifanyika Tanga siku ya saba, kaka yangu alichinja, mimi nikaona mbuzi kwenye simu. Walikula pilau wakasema "karibu" kwenye kamera.

Siku ya 19 kengele ikalia. Mkunga wa manispaa. Huku wanamtembelea kila mtoto nyumbani kabla hajatimiza miezi minne, hujaomba wala hujalipa. Mama wa makamo, begi mgongoni, kavua viatu, kanawa mikono, kamning'iniza Mwana kwenye mzani wa kamba kama papai sokoni. Alipomgeuza akaliona lile baka la bluu matakoni. Akapiga makofi! Karibu watoto wote wa Kijapani wanalo, hakujua na wetu wanalo.

Halafu akatoa karatasi ya maswali kumi, mkalimani akiwa kwenye simu. La kwanza linauliza kama bado naweza kucheka. Nikajibu vizuri. La tatu sijui la nne, nikaanza kulia, na si kilio cha adabu. Mkalimani akanyamaza. Yule mkunga hakusema kitu. Akazunguka nyuma yangu, akapiga magoti kwenye mkeka, akaanza kunikanda kiuno kwa ngumi, kavukavu, nguo zikiwa mwilini. Hakuna maji ya moto, hakuna mwarobaini, hakuna wa kunisengenyea mtu. Dakika kumi hivi. Kisha akaandika tarehe ya kurudi. Akarudi kweli, mara mbili.

#7 Zumbe wa Mjini

Samahani lakini, tatizo mnajitakia. Si ungerudi Tanga ukajifungulia pale hospitali ya Bombo, ukakandwa na ukoo mzima, ukarudi zako baada ya miezi mitatu? Hata Wajapani wenyewe nasikia mwanamke anarudi kwao kuzaa.

#8 MamaMwana

@Zumbe, ni kweli wanarudi kwa mama zao, ila wao kwao ni mwendo wa saa tatu kwa treni. Kwangu ni ndege mbili, tumbo la miezi nane, na mume ambaye angemwona binti yake kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha simu. Tulijadili. Nilichagua awepo, na alikata kitovu kwa mkono wake. Wewe ulikuwepo?

#9 Zumbe wa Mjini

Nilikuwa Handeni kikazi. Endelea dada.

#10 Kiboko ya Mto

Hahaha, Zumbe amewekwa. Dada, uraia je? Mtoto akizaliwa hapo si anakuwa Mjapani?

#11 MamaMwana

Hapana. Japani inaangalia damu, siyo ardhi. Mwana ni Mtanzania kwa sababu yetu, na pasipoti tumeiombea ubalozi wetu Tokyo. Ila saa inaanza kukimbia siku ile ile anayozaliwa. Siku 14 umwandikishe manispaa. Siku 15 uombe posho ya mtoto, yeni 15,000 kwa mwezi mpaka atimize miaka mitatu. Siku 30 uombe kibali chake cha kuishi uhamiaji. Bila kibali mwisho ni siku 60, baada ya hapo kichanga chako ni mkaaji haramu, ana kucha za kukukwaruza lakini hana karatasi.

Manispaa ndipo palipokuwa na sinema. Karani aliuliza jina la familia. Mume wangu jina lake la mwisho ni la baba yake. Langu ni la baba yangu. La Mwana ni la mume wangu, yaani jina lake la kwanza. Yule karani akaandika majina matatu kwenye karatasi, akachora mishale, akaifuta, akachora tena. Watu watatu wa nyumba moja, majina ya mwisho matatu. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao, wakasimama wanne wanaitazama ile karatasi. Mume wangu akaanza kuwaeleza ukoo kuanzia babu wa Pangani. Dakika arobaini na tano. Mwisho mkubwa wao akasema jambo moja, wote wakaitikia "aaa", wakagonga muhuri. Mpaka leo hatujui alisema nini.

Na Kijapani hakina "mwa". Binti yangu hospitalini anaitwa Muwana. Nimezoea, naitika.

#12 Bi Kanga

Mwanangu, nimesoma yote bila miwani. Mama yako alifikaje na mvuje alibeba?

#13 MamaMwana

Bibi nilijua kuna mtu ataulizia mvuje!

Viza yake ni ya siku 90. Mume wangu aliandika barua ya mwaliko, barua ya dhamana, karatasi za kodi na mshahara, na cheti changu cha kuzaliwa kuonyesha kuwa yule ni mama yangu kweli. Akapitia Dubai, akashuka Kansai, uwanja uliojengwa juu ya kisiwa cha kujaza kifusi. Aliniambia alipoona maji pande zote alijua wanashukia baharini, akapiga shahada.

Mvuje, kwa wasioujua ni ule utomvu mkavu wa dawa unaonuka vikali, ulikuwa umefungwa kwenye karatasi, mfuko wa nailoni, kopo la kahawa, na kanga mbili. Ofisa wa forodha alifungua kanga ya kwanza, ya pili, akafungua kopo, akafunga kopo. Hakuuliza kitu. Kampungia mkono apite.

Nilivyomwona pale nje, kavaa baibui na juu yake koti la mume wangu tulilompelekea, sikumkumbatia kwanza. Nilimpa mtoto. Akamnusa shingoni.

Usiku ule ule akaanza kazi. Sasa sikilizeni, bafu la Kijapani: chumba kizima kinalowana, sakafu ina tundu la maji, beseni refu la kukaa mpaka mabegani, na maji yanakaa moto kwa kubonyeza kitufe, digrii unachagua mwenyewe. Mama alizunguka mle ndani, akagonga ukuta, akasema: "Hawa watu bafu wamejenga la mzazi, halafu hawamkandi mzazi?" Siku kumi na tano zilizobaki za arobaini nilikandwa, nikafungwa tumbo kwa kanga, nikalazwa. Nililala saa sita mfululizo. Nilipoamka nilidhani nimekufa.

Ugomvi ulikuwepo, nisidanganye. Alitaka kumpaka Mwana wanja kwenye nyusi na kumfunga mvuje mkononi asipate degedege. Wanja nikakubali wa kwenye paji tu, mbali na macho. Mvuje nilishindwa kukataa, basi tukapanda treni kwenda kliniki ya miezi miwili. Behewa limejaa, kituo kinachofuata likapungua. Mimi naangalia sakafu. Mama ananiambia kwa sauti, "Ona watu wanavyompisha mtoto, wana adabu hawa."

Kliniki akapata presha nyingine. Mwana alichomwa sindano tatu kwa mkupuo na matone ya rota mdomoni, mama anauliza ya kifua kikuu iko wapi, mbona bega jeupe, sisi si tunachomwa tukizaliwa tu? Huku wanangoja miezi mitano na kuendelea. Na siyo sindano moja: ni kama muhuri wenye sindano tisa ndogo, wanaugandamiza mkononi mara mbili, zinabaki nukta kumi na nane. Mwana amepigwa wiki iliyopita. Nikimtumia mama picha anasema mjukuu wake kapigwa chapa kama gunia la sukari.

#14 Mama Wawili

"Nilidhani nimekufa." Ninaelewa sana hiyo.

#15 Mkwezi Mstaafu

Kitovu je? Umetuacha na kitovu kabatini tangu bandiko la kwanza.

#16 MamaMwana

Ndiyo namalizia, maana mama ameondoka na kuanzia mwezi ujao Mwana anaingia shule ya kulelea, nina nepi mia za kuandika jina, kila moja, kwa kalamu isiyofutika. Mtoto akifika 37.5 ya joto wanapiga simu umfuate. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Mama alikaa siku 88. Siku ya kufunga mizigo alifungua kabati bila kuniuliza, akachukua kisanduku, akakitia kwenye pochi ya mkononi, siyo begi kubwa. Nikamwambia, mama, huku kinatunzwa, mkunga alinipa nimtunzie mtoto. Akasema mtoto nimtunze, hicho kina kwao. Mume wangu akajifanya anatafuta chaja.

Bibi wa chini alipanda kumuaga na figili ndefu kama mkono wangu. Miezi mitatu wamekaa wanakunywa chai wawili, hakuna anayejua neno la mwenzake, wanabadilishana kumshika mtoto. Mama alimfungulia kile kisanduku amuonyeshe. Yule bibi akaingia kwake, akarudi na vyake. Viwili, mbao imekuwa ya kahawia kabisa, vya wanawe. Mama akavishika kimoja kimoja. Sikutafsiri kitu, sikujua nitafsiri nini.

Kitovu kimezikwa Tanga, nyuma ya jiko la mama, chini ya mnazi mchanga, penye changu na cha kaka yangu. Nimetumiwa video, kaka ndiye aliyechimba. Kisanduku hakikuzikwa. Mama kakipenda, anawekea ubani.

Kasheshe moja tu: mtoto ni wa baba yake, na upande wa Pangani wanaamini kitovu bado kiko Kobe, wanangoja tukirudi likizo wakizike kwao. Mume wangu amesema atawaeleza yeye taratibu. Kwa hiyo kama kuna shemeji yangu humu jamvini, hujasoma kitu.

#17 Mtu wa Bweni, Pangani

Nimesoma.